Mkono Ule Ule, Baada ya Miaka Miwili

Chumba cha kupimia uimara wa mifupa hakina cha kumtisha mtu. Hakuna lile pango la MRI wala kelele zake za kugongagonga. Radiografa hakimbilii nyuma ya ukuta mionzi inapoanza. Hukaa pale pale kwenye kompyuta yake, mita moja au mbili kutoka kitandani, na mazungumzo yanaendelea. Kuna kitanda kirefu chenye godoro jembamba, na juu yake mkono wa mashine unaokwenda na kurudi taratibu. Mionzi hutoka chini ya kitanda, hupita mwilini, hupokewa juu. Ni kidogo sana, mikrosiveti chache tu, karibu sawa na ile ambayo kila mmoja wetu huipata kwa siku moja hivi kutoka ardhini na angani bila kwenda hospitali yoyote. Mgonjwa hulala robo saa, huvaa, huenda zake. Ndiyo maana wengi hutoka wakiamini kuwa kazi yote ni ya mashine, na yule dada aliyewalaza ni wa kubonyeza kitufe.

Nimepata kukaa kwenye kiti cha pembeni katika chumba cha namna hiyo jijini Dar es Salaam, kwa idhini ya wenyewe na ya wagonjwa, nikimtazama dada mmoja wa makamo akifanya kazi hiyo. Mashine inahesabu, sikatai. Lakini inahesabu kile ilichowekewa, na anayeiwekea ni mtu mwenye mikono miwili, macho yanayochoka na foleni nje ya mlango. Ninachokihusudu kwake ni kurudia. Mwili anaoulaza leo anatakiwa aulaze vile vile baada ya miaka miwili, mguu kwenye pembe ile ile, goti kwenye kimo kile kile, ilhali katikati ya hapo atakuwa amewalaza mamia ya watu wengine.

Shida inayotafutiwa dawa hapa ni ya kimyakimya. Mfupa uko hai. Kuna seli zinazoubomoa na seli zinazoujenga, na mpaka kwenye umri wa miaka 30 hivi wajenzi huwa mbele. Baadaye mambo hugeuka polepole. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma na homoni ya estrojeni ikishuka, wabomoaji hupata miaka kadhaa ya kujifanyia watakavyo. Hakuna homa, hakuna maumivu. Mtu hujua siku aliyoteleza bafuni akavunjika nyonga, au asijue kabisa: anafupika, gauni linaanza kuburuta, watoto wanasema ni uzee, kumbe pingili mbili za mgongo zimeshabonyea. Picha ya kawaida ya eksirei haisaidii sana kabla ya mvunjiko, kwa sababu jicho halioni upungufu wa madini kwenye filamu mpaka takriban theluthi moja iwe imeshapotea. Wapo madaktari waliowahi kuweka kipande cha alumini chenye ngazi kando ya mkono wa mgonjwa, kwenye filamu ile ile, ili walinganishe weupe wa mfupa na weupe wa ngazi. Wazo zuri, lakini filamu zilitofautiana, na dawa za kuzisafishia nazo zilitofautiana.

Mwaka 1963 John Cameron na James Sorenson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliachana na filamu. Walichukua ayodini-125, inayotoa miale yenyewe, wakaiweka upande mmoja wa kigasha, na upande wa pili wakaweka kifaa cha kuhesabu miale iliyofanikiwa kupita. Mfupa huzuia miale kuliko nyama; ukijua iliyoingia na iliyotoka, unajua madini yaliyokuwa njiani. Ila kigasha kilibidi kizungushiwe maji au kitu kinachofanana na nyama ili unene wote uwe mmoja, na hilo nani angeliweza kwa kiuno cha mtu? Jibu likawa kutumia miale ya nguvu mbili tofauti. Mfupa huipunguza miale dhaifu na miale kali kwa viwango vyake, nyama kwa viwango vingine. Basi ukiwa na hesabu mbili za sehemu moja unaweza kuzitafuta zile mbili usizozijua, kama mwanafunzi wa sekondari anavyotafuta x na y. Mwanzoni ilitumika gadolini-153, na mgonjwa alilala nusu saa hivi huku chanzo chenyewe kikififia mwezi hadi mwezi. Mwaka 1987 ziliingia sokoni mashine zilizoweka mrija wa eksirei mahali pa gadolini. Hiyo ndiyo DXA, ambayo hospitalini wengi huiita deksa.

Watengenezaji walishika njia mbili. Mmoja hubadilisha volti za mrija kwa kasi, chini na juu, chini na juu. Mwingine huweka kichujio cha madini ya seriamu kinachoigawa miale kuwa mafungu mawili. Kila mmoja ana kanuni yake ya kuamua mfupa unaishia wapi na nyama inaanzia wapi. Kwa hiyo mgongo uliopimwa leo kwenye mashine ya huyu na kesho kwenye mashine ya yule unaweza kutofautiana kwa asilimia 10 au zaidi, na mfupa wenyewe haujabadilika hata chembe. Tena, tuseme ukweli, namba inayotoka si uzito kwa ujazo kama tulivyofundishwa shuleni. Mashine huona kivuli kilicho bapa. Gramu za madini hugawanywa kwa eneo la kivuli, zikawa gramu kwa sentimita mraba. Mwenye mifupa mikubwa huonekana ana mifupa mizito hata kama ndani yake ni sawa na ya mtu mfupi. Radiografa anayeijua kazi yake hukumbuka hilo, na kimo na uzito huvipima mwenyewe. Hakubali vya kutajiwa. Kimo kikiwa kimepungua sentimita 4 au zaidi kutoka kile cha ujanani, huomba kibali cha kupiga pia picha ya ubavuni, atazame kama kuna pingili iliyobonyea bila mwenyewe kujua. Pingili za namna hiyo ni nyingi kuliko tunavyodhani; takriban theluthi mbili hazigunduliwi zinapotokea.

Kazi ya siku huanza kabla ya mgonjwa wa kwanza. Dada hutoa kabatini uti wa mgongo bandia: pingili nne za haidroksiapataiti, madini yale yale ya mfupa, zilizozamishwa ndani ya bonge la plastiki ngumu. Huulaza kitandani kwa uangalifu ule ule wa kumlaza mtu, huupima, na nukta moja huongezeka kwenye chati. Nukta isitoke nje ya asilimia 1.5 juu au chini ya wastani uliowekwa mashine ilipofungwa. Hapo wengi wangeridhika. Yeye huangalia pia nukta za siku zilizopita, na zikiwa kumi mfululizo upande mmoja wa mstari, hata kama kila moja iko ndani ya mipaka, hampokei mtu kabla hajaongea na fundi. Hapa kwetu, umeme ukikatika usiku, kiyoyozi kikazima na chumba kikapata joto, asubuhi yake chati hiyo hutazamwa kwa macho mawili.

Kisha akaingia bibi wa miaka sabini na ushei, kanga mbili juu ya gauni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hii ndiyo ile ya kuingizwa kwenye tundu?"

"Hapana bibi, hapa unalala tu kitandani, mimi na wewe tunaongea. Pesa hukufunga kwenye kanga?"

Bibi akacheka, akafungua pindo. Zikatoka sarafu tatu za mia mbili. Sarafu moja tu ikilala juu ya pingili inatosha kumpa bibi mgongo wa msichana.

Swali lililofuata sikulisikia, maana niliombwa nitoke kidogo. Baadaye aliniambia ni la shanga za kiunoni. Wanawake wengi wa pwani wa umri ule bado wanazo, na nyingi ni za kioo. Zinakaa pale pale kwenye pingili za chini na juu ya nyonga, na kioo huzuia miale. Kitabu kilichokuja na mashine kinataja zipu, vishikizo vya sidiria na pete za kitovuni. Shanga hakizitaji, wala hirizi iliyoshonewa ndani ya ngozi, wala haki ya mtu mzima kutoulizwa mambo ya kiunoni mbele ya mgeni. Haya aliyajifunza mwenyewe. Hamwambii mtu avue. Humwambia, "Bibi, mashine yetu hii mshamba, itadhani shanga ni mfupa, itakusifia bure." Anayekubali huzivua. Asiyekubali, au ambaye hazipiti, husukumiwa chini wakati wa kupima mgongo na juu wakati wa kupima nyonga, na hilo likaandikwa kwenye fomu. Kisha huuliza kama asubuhi mgonjwa amemeza kidonge cha kalsiamu, kwa sababu kidonge ambacho hakijayeyuka huonekana tumboni kama kipande cha mfupa, na kama juzijuzi amenyweshwa ile dawa nyeupe ya bariamu kwa ajili ya picha ya tumbo. Akisema ndiyo kwa bariamu, hupangiwa siku nyingine. Hakuna kubembelezana.

Mgongo hupimwa mgonjwa akiwa chali, miguu imepandishwa juu ya bonge la sponji la pembe nne mpaka magoti na nyonga vikunjike. Ule mpindo wa kiuno hushuka, pingili zikajipanga bapa na nafasi kati yake zikafunguka. Nilimwona akipitisha kiganja chini ya kiuno cha bibi kuhakikisha hakuna upenyo uliobaki. Akasimama miguuni, akafumba jicho moja, akatazama kidevu, kitovu na katikati ya magoti kama vimeufuata mstari wa kitanda. Mashine ikaanza. Picha hujitokeza mstari kwa mstari kutoka chini kwenda juu, na baada ya sekunde chache tu akaizima. "Tunaanza upya bibi, usijali." Mgongo ulikuwa unakwenda upande, kidogo mno kwa macho yangu. Akayasogeza mabega kwa upana wa vidole viwili, kiuno hakukigusa. Mara ya pili picha ilipanda wima, mbavu za mwisho zikitokeza juu na mifupa ya nyonga ikionekana chini pande zote mbili.

Halafu akahesabu. Zinazopimwa ni pingili nne za kiuno, L1 hadi L4, na kuzikosea majina ni rahisi ajabu. Yeye huhesabu kutoka pande zote mbili. Juu, pingili ya mwisho yenye mbavu ni ya 12 ya kifua, inayofuata ni L1. Chini, L5 ni pana na fupi, iliyo juu yake hufanana na herufi H, na hiyo ni L4; zilizobaki hukaribia U au Y. Hesabu mbili zisipokutana, pengine mtu huyo amezaliwa na pingili sita za kiuno au nne, na hapo lazima iandikwe wazi ni zipi zilizopimwa, ili atakayempima tena asianzie kwingine. Uzito hupanda kwa kawaida kutoka L1 kwenda chini, hivyo kukosea pingili moja kunaweza kuonekana kama miujiza ya dawa au kama balaa.

Kila pingili aliitazama peke yake, na hapo ndipo nilipoona jinsi mgongo wa mzee unavyoweza kudanganya. Vichomozo vya mfupa vinavyoota pembeni kwa sababu ya uzee huongeza gramu bila kuongeza nguvu. Mshipa mkuu wa aota ukiwa umeingia chokaa, kivuli chake huangukia pingili. Na pingili iliyovunjika na kubonyea husoma juu kuliko majirani zake, kwa kuwa madini yale yale yamebanwa kwenye eneo dogo: iliyo mbovu kuliko zote ndiyo inayopewa alama ya kwanza. Katika nchi yenye watu wengi wa selimundu kama Tanzania huongezeka jambo jingine, pingili zilizodidimia katikati tangu ujanani, ambazo mpimaji wa Ulaya huenda asizione mwaka mzima. Kanuni inasema pingili inayotofautiana na jirani yake kwa zaidi ya alama 1 ya T, kipimo nitakachokieleza mbele, ichunguzwe, na ikibidi iachwe, mradi zibaki mbili angalau. Kwa bibi yule L3 iliachwa. Alama yake ya jumla ilishuka, na radiografa akaridhika nayo zaidi.

Nyonga ni ngumu kuliko mgongo. Shingo ya fupa la paja haikulala sambamba na kitanda. Imeelekea mbele kidogo. Ili ilale, mguu wote lazima uzungushwe ndani kwa nyuzi 15 hadi 25 na kufungwa kwenye kibao. Mgeni wa kazi huzungusha unyayo, na unyayo hukubali kwa hiari huku paja limebaki lilipokuwa. Yeye hushika juu ya goti, huzungusha kuanzia pajani, na unyayo hufuata wenyewe. Alama ya kufaulu iko kwenye picha: kile kinundu kidogo cha upande wa ndani wa fupa kiwe kimejificha karibu chote nyuma ya mfupa. Kikichomoza kama kidole gumba, mguu haukuzunguka vya kutosha, shingo imeonekana fupi kuliko ilivyo, na namba imepanda kwa uongo unaopendeza. Wazee wenye yabisi hawazunguki kiasi hicho. Yeye hawalazimishi. Huzungusha mpaka pale mgonjwa anapokunja uso, hurudi nyuma kidogo, kisha huandika kwamba mguu wa kushoto uliishia hapa. Maandishi hayo yana thamani kuliko pembe kamili iliyopatikana kwa maumivu, kwa sababu baada ya miaka miwili mguu utafika tena hapo hapo.

Nilichokuja kukipenda kuliko yote, lakini, hakionekani mgonjwa akiwa kitandani. Kabla radiografa hajaaminiwa kumwambia mtu kwamba mfupa wake umepungua, hutakiwa ajipime mwenyewe. Utaratibu umewekwa na ISCD, chama cha kimataifa cha wataalamu wa kipimo hiki. Achukue watu 30 waliokubali, wanaofanana na wagonjwa wake wa kila siku, ampime kila mmoja mara mbili. Au watu 15 mara tatu tatu. Kati ya kipimo na kipimo mtu ashuke kitandani, asimame, apande tena, alazwe upya kama ndiyo kwanza ameingia. Mfupa haubadiliki ndani ya dakika tano. Kwa hiyo tofauti yoyote itakayoonekana ni ya mashine na ya mikono yake, na zaidi ya mikono. Tofauti hizo hukusanywa zikapigiwa hesabu, ikatoka namba moja inayobandikwa kwenye jina lake. Kwa mgongo isizidi asilimia 1.9, kwa nyonga nzima 1.8, kwa shingo ya fupa la paja, iliyo ndogo na yenye ukaidi, 2.5. Akizidi hapo anarudi kufundishwa.

Namba hiyo huzidishwa kwa 2.77, kwa sababu makosa yamo katika vipimo vyote viwili, cha zamani na cha sasa, na tunataka uhakika wa asilimia 95. Jawabu ni badiliko dogo kabisa analoruhusiwa kuliita badiliko. Tuseme mpimaji ana asilimia 1.1, kizidisho kinampa 3 na kitu. Mgonjwa wake alikuwa na 0.842 miaka miwili iliyopita, leo ana 0.820, pungufu ya asilimia 2.6. Daktari mwenye haraka angebadilisha dawa, na binti wa mgonjwa angelia kwenye korido. Mpimaji anaandika kwamba hakuna badiliko linaloweza kuthibitishwa. Leo ingekuwa 0.800, pungufu ya asilimia 5, angeandika kwamba mfupa umepungua kweli. Sasa mchukue mpimaji wa asilimia 1.9, ambaye naye kafaulu kwa mujibu wa kanuni. Mpaka wake ni asilimia 5.3. Mfupa ule ule, mashine ile ile, 0.800 ile ile, na yeye hana haki ya kusema lolote. Mgonjwa atasubiri mwaka mwingine au miwili huku mfupa ukiendelea kuisha.

Sizijui fani nyingi zinazomlazimisha mtu kutangaza kiasi anachoyumba kabla hajaanza kutangaza kuyumba kwa wengine. Sisi waandishi hatumo. Na wale wanaotembeza vijimashine vya kushikwa kiganjani, vinavyodai kusoma mifupa, ini na figo kwa dakika moja kisha vikatoa orodha ya virutubisho vya kununua, waulizwe swali moja tu: umepima watu 30 mara mbili mbili?

Namba ikishapatikana hulinganishwa, na hapa kazi hutoka mikononi mwake ikaingia kwenye mabishano ya wakubwa. Mwaka 1994 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliweka mipaka inayotumika hadi leo. Alama ya T hueleza umbali kati ya mfupa wako na wastani wa wanawake vijana. Kuanzia −1 kwenda juu ni sawa, chini ya hapo mfupa umepungua, −2.5 na kushuka ni osteoporosisi. Vijana hao ni akina nani? Kwa shingo ya fupa la paja ni wanawake weupe wa Marekani wa miaka 20 hadi 29, waliopimwa katika uchunguzi wa kitaifa wa afya ujulikanao kama NHANES III. Bibi wa Temeke hupimwa dhidi yao. Zipo sababu za kuwa na rula moja dunia nzima, na sizipuuzi. Lakini mwaka 1996 Terry Aspray, Ann Prentice na wenzao walichapisha matokeo ya wanawake wazee wa vijijini Gambia: madini mifupani yalikuwa machache kuliko ya Waingereza, na mivunjiko ya mifupa dhaifu ilikuwa nadra. Kwa hiyo alama ya T isomwe pamoja na mtu mzima: umri wake, amewahi kuanguka mara ngapi, ametumia prednisoloni kwa muda gani, kama anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye tenofovir, alidungwa kwa miaka mingapi ile sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Zote hizo hugusa mfupa, na zote zimo kwenye fomu ya maswali ambayo dada yule huijaza mwenyewe, kwa kuuliza, hata pale ambapo daktari ameandika neno moja tu kwenye karatasi ya rufaa: mgongo.

Mashine za DXA ni chache Afrika Mashariki na nyingi zimejikusanya mijini. Mashine za CT zimesambaa kidogo zaidi, na ipo njia ya kuchota habari za mfupa kutoka kwenye picha ya CT iliyopigwa kwa ajili ya mambo mengine. Perry Pickhardt na wenzake, nao wa Wisconsin, waliionesha mwaka 2013: unachora duara ndani ya L1, sehemu ya sponji tu, bila kugusa ganda la nje, na kusoma jinsi sehemu hiyo ilivyozuia miale. Haina gharama ya ziada. Nimeitaja mbele ya dada yule, akasema ni nzuri, kisha akauliza swali nililopaswa kulitarajia: anayechora duara hilo, akilichora mara mbili, anapata namba ile ile?

Wakati wa mazungumzo hayo hospitali ilikuwa inanunua mashine mpya, na hilo lilimkosesha raha kuliko wagonjwa wote. Mashine mpya ikiwa ya teknolojia ile ile ya zamani, uti wa mgongo bandia hupimwa mara 10 hapa na mara 10 kule, tofauti isizidi asilimia 1. Ikiwa ya mtengenezaji mwingine, plastiki haitoshi. Wanatakiwa tena watu 30, wapimwe mara moja kwenye ya zamani na mara mbili kwenye mpya, yote ndani ya siku 60, ndipo ipatikane hesabu ya kuhamisha namba za miaka yote iliyopita. Iliyonunuliwa ilikuwa ya mtengenezaji mwingine. Mpango wa uongozi ulikuwa kuing'oa ya zamani Ijumaa na kufunga mpya Jumatatu, kwa kuwa chumba ni kimoja. Dada alipoulizwa mashine mbili zikae pamoja miezi miwili za nini, hakubishana. Aliwapelekea nakala ya faili moja, jina limefutwa, vipimo vinne vya miaka saba, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu ni vingapi vitakavyobaki na maana Jumatatu ikifika: sifuri. Wakampa stoo iliyokuwa ya viti vibovu, ikasafishwa, ikakaguliwa, mashine mpya ikafungwa humo. Orodha ya watu 30 alikuwa nayo mezani tangu zabuni ilipotangazwa.